Majibu ya Jana

Bibi Subilaga aliingia ofisi ya hitilafu Alhamisi saa mbili na nusu asubuhi, mwavuli wake ukichuruzika mvua ya Tukuyu, akaketi kabla ya kukaribishwa. Alikuwa na miaka sabini na minane, na hiyo ilikuwa ofisi ya tano kupita tangu Jumatatu. Wa ofisi ya nne ndiye aliyemwambia ajaribu kwa mafundi, pengine ili amwondoe mlangoni.

“Shikamoo, bibi,” Tusekile alisema.

“Marahaba, mwanangu. Kesho saa saba wanamfunga mume wangu. Nimekuja kwako kwa sababu wamesema wewe ndiye unayetengeneza masikio yao.”

Tusekile Mwaisaka hakutengeneza masikio. Alikuwa fundi wa viendeshi wa Nyumba ya Wakazi, maana yake alitunza programu ndogo zilizokaa kati ya mkazi na mashine kuu. Lakini bibi hakuwa mbali na ukweli. Mkazi alikuwa mtu ambaye mwili wake ulishazikwa na akili yake ikaendelea ndani ya seva za pale mlimani, pamoja na wenzake mia nne na ushee, kila mmoja kwenye nafasi yake. Hakuwa na sikio wala ulimi. Kila alichosikia kililetwa na kiendeshi, na kila alichosema kilitolewa na kiendeshi.

Nafasi hazikutosha, na waliosubiri walikuwa wengi. Tena akili nayo huchoka, ikaondoka, na kinachobaki huitikia kwa mazoea tu: ukisema shikamoo, kinasema marahaba, ukiuliza habari za huko, kinasema nzuri, sijui ninyi. Watu wa Nyumba walikiita mwangwi. Zipo familia zilizokaa miaka mitatu zikizungumza na mwangwi bila kujua, kwa kuwa nusu ya mazungumzo yetu ni mambo ambayo hata aliyelala anaweza kuyaitikia. Ndiyo maana sheria ilikataa ushahidi wa familia, na ikakataa na salamu pia. Tangu Januari kazi ya kujua nani bado yupo alikuwa nayo Karani, programu isiyosalimia mtu. Saa sita kamili mchana Karani alimuuliza kila mkazi swali moja jipya, na mkazi alikuwa na saa moja ya kujibu. Katika saa hiyo laini zote zilifungwa, hata mkurugenzi hakuruhusiwa kusema neno. Siku saba mfululizo bila jibu, mkazi anahesabiwa amekwenda: anafungwa, na nafasi yake inafutwa apewe mwingine.

“Amenyamaza siku tano,” Tusekile alisema, akisoma kwenye skrini. “Leo ni ya sita.”

“Amenyamaza kwa nani? Jumapili nimekaa naye saa nzima tukagombana. Mwangwi unagombana?”

“Mligombana nini?”

“Migomba ya kule bondeni. Yeye anasema tuliipanda Mei, mimi nasema Aprili.”

“Bibi, wataalamu wanasema hata ugomvi, ukishakuwa wa miaka hamsini, ni mazoea.”

“Hao wataalamu wameoa?”

Tusekile alicheka, akajuta kucheka, maana bibi hakuwa anatania. Alikuwa amelegeza kilemba na kukifunga tena mara mbili tangu aketi.

“Kuna kitu kimoja kinanitia wasiwasi, nakuambia wewe maana kule kwingine wangekitumia vibaya,” Bibi Subilaga alisema. “Siku hizi nikimsalimia, kabla hajaitikia anatamka jambo lisilo na kichwa wala miguu. Jumapili nimesema, ‘Habari za wiki, baba Lusajo?’ Akasema, ‘Ngazi, kwa sababu ndoo haina pa kukanyaga.’ Halafu ndipo akasema, ‘Nzuri, mama Lusajo, umekujaje na mvua hii?’ Nikajiambia ni uzee. Lakini uzee gani huo, na mwili hana?”

Tusekile alikuwa ameshika kalamu. Aliandika: ngazi, ndoo. Kisha akavuta kiti cha pili karibu na meza yake, akafungua laini ya mume huyo, Mwalimu Asajile Mwakibete, mkazi wa bawa la zamani, upande wenye seva za kwanza.

“Shikamoo, Mwalimu.”

“Watatu, ukimhesabu na mchungaji,” ilisema sauti ya mwanamume, nzito na ya haraka, sauti ya mtu aliyefundisha madarasa yenye watoto tisini. “Marahaba. Nani mwenzangu?”

Bibi Subilaga alimgusa Tusekile begani kwa kidole. Umeona?

Walizungumza robo saa. Tusekile alimuuliza mambo ambayo mwangwi usingeyaweza: angepangaje madawati kumi na moja kwenye chumba cha pembe tatu, kwa nini moshi hauanguki. Mwalimu alijibu yote, moja akalikosea, akajisahihisha mwenyewe na kumlaumu Tusekile kwa kumharakisha. Alikuwepo, hakuna cha kubishana. Ila hata kama angeimba wimbo wa taifa kinyumenyume, mbele ya sheria isingesaidia kitu, kwa sababu aliyemuuliza alikuwa ameanza kwa kumsalimia.

“Mwalimu, jana Karani alikuuliza swali?”

“Jana? Ameuliza sasa hivi ulipoingia. Harusini wamekaa wangapi meza ya mbele. Nimemjibu, hukusikia? Hana adabu yule, anamvamia mtu hata hodi hajui.”

“Ameuliza sasa hivi?”

“Sasa hivi, binti. Mimi si kiziwi.”

Tusekile alitazama saa. Ilikuwa saa tatu na dakika ishirini na tano asubuhi. Karani huuliza saa sita mchana, hana saa nyingine.

Lilikuwepo kapu ambalo hakuna aliyelisoma. Kila jibu lilibeba namba ya swali lake, na jibu la swali ambalo saa yake imekwisha lilitupwa humo. Tusekile alilifungua akaandika jina la Mwalimu Asajile. Majibu yalikuwa matano. La swali la Jumamosi liliingia Jumapili saa sita kamili. La Jumatatu, Jumanne saa sita kamili. La Jumanne, Jumatano saa sita kamili. La jana lilikuwa limeingia leo saa tatu na dakika kumi. Na la Jumapili halikuchelewa siku nzima kama wenzake. Liliingia Jumapili hiyohiyo, saa nane na dakika nne mchana.

“Bibi, Jumapili ulianza kuzungumza naye saa ngapi?”

“Wanafungua saa nane. Nilikuwa wa pili kwenye foleni.”

“Swali la Jumapili lilikuwa hivi: kati ya ngazi na ndoo, kipi kitakusaidia kutoka shimoni, na kwa nini.”

Bibi Subilaga aliyarudia maneno hayo kwa midomo tu. Kisha akasema taratibu, “Kwa hiyo anawajibu.”

“Anajibu kila siku. Anajibu swali la jana.”

*

Saa sita mchana walikuwa wamekaa palepale wakitazama skrini. Mashine kuu ilituma saa, kama inavyofanya kila adhuhuri, ili wakazi wajue siku imefika katikati. Mwalimu aliamka, akasoma saa, na mara hiyohiyo akatoa jibu la kujaribia ambalo Tusekile alimwomba alitoe akisikia saa. Nyuma ya saa lilikuja swali la Karani. Tusekile aliliona likitoka, akaliona likifika sandukuni kwa Mwalimu. Baada ya hapo hakuna kilichotokea.

“Msalimie,” Bibi Subilaga alisema. “Si ukimsalimia anaamka?”

“Siruhusiwi mpaka saa saba.”

“Neno moja tu.”

“Laini zimefungwa, bibi. Hata nikipiga kelele hazipiti.”

Kukaa saa nzima ukitazama barua imelala mlangoni kwa mtu, na mwenyewe yumo ndani anaisubiri, si kazi ndogo. Bibi alitoa magimbi ya kuchemsha kwenye kitambaa, wakala bila hamu. Saa saba na dakika moja Tusekile alisema shikamoo, na Mwalimu akasema, “Mvua, maana jua halina mlango,” akaitikia marahaba. Siku ya sita ilikuwa imekwisha kuandikwa: hakujibu.

Tusekile alimwomba bibi arudi nyumbani, bibi akakataa, basi akamwacha kwenye kiti na kwenda chumba cha majaribio. Huko kulikuwa na nafasi moja isiyo na mtu, mkazi mtupu, kwa ajili ya kupima viendeshi. Alipitisha majaribio yote ya kiendeshi cha bawa la zamani. Yalifaulu. Akayarudia mara arobaini, yakafaulu mara arobaini. Ndipo alipoisoma programu ya majaribio yenyewe, aliyoirithi kwa fundi aliyemtangulia na ambayo hakuwahi kuitilia shaka, akaona mstari wake wa kwanza. Fundi yule, Mungu amrehemu, alikuwa ameiandikia mashine: habari za leo.

Aliufuta mstari ule. Alituma saa, kisha swali moja, kavu, kwa mwendo uleule wa Karani. Mkazi mtupu hakujibu. Alisubiri dakika tano, akaandika “habari za leo”, na majibu mawili yakatoka kwa pamoja.

Baada ya hapo kuipata hitilafu ilikuwa kazi ya nusu saa. Mkazi alikuwa na sanduku la ujumbe na kibao. Mashine kuu ikitia ujumbe sandukuni hugonga kengele, mkazi akaamka asome. Kugonga kengele kwa kila ujumbe kunaichosha mashine, kwa hiyo mkazi akishaamka hutundika kibao: niko macho, usigonge. Husoma mmoja baada ya mwingine mpaka sanduku liwe tupu, kisha huondoa kibao na kupumzika. Utaratibu huu ni wa zamani kuliko Nyumba yenyewe, na ni mzuri, ila kati ya kuona kwamba sanduku ni tupu na kuondoa kibao kuna upenyo mwembamba mno. Ujumbe ukiingia hapo, mashine kuu inaona kibao bado kipo, inanyamaza. Mkazi anaondoa kibao, anapumzika akijua hana barua. Kila mmoja amefanya kama alivyoagizwa, na ujumbe unalala humo mpaka uje mwingine wa kugonga kengele.

Dawa yake ni mstari mmoja: ukishaondoa kibao, chungulia sanduku mara moja tena. Viendeshi vya bawa jipya vilikuwa nao. Cha bawa la zamani hakikuwa nao tangu kilipoandikwa, na kwa miaka kumi na moja haikuonekana, kwa sababu katika Nyumba ile hakuna aliyewahi kumpelekea mkazi ujumbe mmoja tu, akaishia hapo. Mtu alianza na shikamoo, akaja habari za leo, akaja za huko, watoto, mvua, ndipo aseme kilichomleta. Neno la pili lililikwamua la kwanza, na la tatu likalikwamua la pili. Karani ndiye wa kwanza kusema neno moja na kukaa kimya. Tena alilisema nyuma tu ya saa ya adhuhuri, kwa kitambo kilekile kila siku, na kitambo hicho, kwa wakazi wenye mwendo kama wa Mwalimu, kiliangukia ndani ya upenyo karibu kila mara.

Tusekile alipaswa kufurahi. Fundi akipata hitilafu ya namna hiyo huita wenzake waje waione. Yeye alibaki ameketi, maana alikuwa amekumbuka karatasi iliyobandikwa ukutani kwenye chumba cha chai.

Miezi kumi na minne nyuma, Karani akiwa bado kwenye majaribio na wahudumu bado wakihakiki kwa midomo yao, muuguzi mmoja aliandika malalamiko: wakazi wanne wa bawa la zamani hawamjibu Karani, lakini sisi tukiwasalimia wanajibu vizuri. Malalamiko yalikuja kwa Tusekile. Aliyasoma, akatabasamu, na wala hakufungua kiendeshi. Aliandika chini yake: *Siyo hitilafu. Hao ni wakubwa, wanataka adabu. Msalimieni kwanza.* Watu walicheka Nyumba nzima. Kila mmoja alikuwa na babu wa namna hiyo, anayemnyima jibu mtoto aliyeingia bila salamu. Ilionekana ni jambo la kawaida kabisa, hata la kupendeza, kwamba mzee amekufa, amehamia ndani ya mashine, na bado hasemeshwi ovyo. Karatasi ikabandikwa juu ya birika, na Januari Karani akapewa kazi peke yake.

Alirudi kwenye kapu, safari hii bila kuandika jina la mtu.

*

Mkurugenzi Nsajigwa alimpokea saa kumi na nusu jioni. Alikuwa mtu wa miaka hamsini na tano, mkimya, ambaye wafanyakazi walimpenda kwa sababu alikunywa chai pamoja nao na kikombe alikiosha mwenyewe. Alimsikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza.

“Mstari mmoja?”

“Mmoja.”

“Ukiuweka leo, kesho Mwalimu anajibu?”

“Anajibu ndani ya sekunde mbili.”

“Basi weka. Nakusainia sasa hivi, marekebisho madogo.”

“Marekebisho madogo hayaendi Baraza la Nyumba, mkurugenzi, wala familia haziambiwi.”

“Hayaendi.”

Tusekile aliweka karatasi mezani. “Tangu Januari Karani amewafunga watu thelathini na wawili. Kumi na watatu kapu halina kitu chao, hao walikwenda kweli. Kumi na tisa walikuwa wanajibu. Majibu yao yote yamo, na saa zake.”

Nsajigwa hakuigusa karatasi. “Nafasi zao?”

“Zina watu wengine. Zilifutwa siku hiyohiyo. Hakuna cha kurudisha.”

“Basi unataka kuwapelekea nini watu hawa?” Hakupaza sauti. “Tuse, hao wamezikwa mara mbili. Watu wameanua matanga mara mbili. Ungekuwa unawarudishia mtu wao, ningekubeba mgongoni mpaka Barazani. Lakini unakwenda kubisha hodi kwa watu waliokwisha kulala, uwaambie mama yenu alikuwa anazungumza, sisi tukamzima. Halafu unaaga, unaondoka. Wao wabaki nalo.”

“Mficha maradhi kifo humuumbua.”

“Maradhi unayatibu leo. Kesho hayapo tena. Utakuwa umeficha nini?” Alisugua macho. “Mama yangu alifungwa mwezi wa nne. Bawa la zamani. Sijakuuliza kama yumo humo, na usiniambie.”

Yumo. Alikuwa wa kumi na moja kwenye orodha, na Tusekile aliyashusha macho kwenye sakafu asije akasomwa usoni. Alikuwa ameyasoma majibu ya mama yule yote saba. Alitamani asingeyasoma.

“Ile karatasi ya kwenye chai,” alisema, “niliandika mimi.”

“Najua. Nami niliicheka.” Nsajigwa alivuta fomu ya marekebisho madogo, akaisaini, akaisukuma upande wake. “Mwokoe aliyepo. Hilo si dogo.”

Tusekile alisaini. Ukisema ni woga, hutakuwa umemsingizia, ila haukuwa woga peke yake. Maneno ya Nsajigwa yalikuwa na uzito, na aliyeyasema hakuwa akijikinga. Kusema kungeziumiza familia kumi na tisa, na yeye fundi, pengine, kungempa usingizi. Alijiuliza ni haki gani hiyo ya kuambiwa, inayomfaa zaidi msemaji kuliko msikiaji. Kabla giza halijaingia aliuweka mstari, akaupima kwa mkazi mtupu mara mia mbili bila salamu, ukapita mara mia mbili. Aliona nafuu, na nafuu hiyo ikamtia aibu. Karatasi ya majina ilibaki imekunjwa mfukoni mwa koti lake.

*

Ijumaa saa sita kasoro dakika kumi Bibi Subilaga alikuwa kwenye kiti chake, kilemba kipya kichwani, kama mtu anayekwenda kanisani. Nsajigwa naye alishuka, jambo ambalo si kawaida yake, akasimama mlangoni akiegemea fremu.

Mashine kuu ilituma saa. Nyuma yake likapita swali: ungepewa siku moja ya kurekebisha kitu kimoja kijijini kwenu, ungeanza na nini?

“Daraja la mbao la kule bondeni,” Mwalimu Asajile alisema papo hapo. “Mke wangu angesema nianze na paa letu. Asikilizwe, lakini daraja kwanza.”

Skrini iliandika: amejibu. Hesabu ya siku saba ikarudi sifuri.

Bibi Subilaga alifunika uso kwa viganja vyote viwili akalia kwa sauti, mabega yakimtikisika, kisha akacheka katikati ya kulia. “Paa linavuja tangu mwaka juzi,” alisema. “Msikieni. Daraja kwanza!” Akamshika Tusekile mikono, akambusu vidole.

“Asante, mwanangu. Mungu akuzidishie. Na wewe mkurugenzi, asante.” Alijifuta kwa ncha ya kilemba, akaanza kukusanya mwavuli na kikapu. Kisha akakaa tena. Alikuwa mke wa mwalimu, na maswali huja kwa mpango wake. “Hilo tundu uliloniambia umeliziba. Lilikuwa la mume wangu peke yake?”

Jibu fupi lilikuwepo, tayari, na lingemtosha bibi. Angesema ndiyo, bibi angeondoka na furaha yake kamili, na pale mlangoni mtu aliyemwomba asimwambie angebaki asijue. Hakuna ambaye angelia. Tusekile alifungua kinywa ili aliseme, akaona kwamba anataka sana kulisema. Kutaka huko ndiko kulikomtisha. Alishawahi kumaliza jambo kwa jibu fupi lililompendeza kila mtu.

“Hapana, bibi,” alisema. “Walikuwa wengine. Kumi na tisa wamefungwa wakiwa wanajibu.”

Bibi aliuweka mwavuli chini tena.

“Wenyewe wanajua?” Bibi Subilaga aliuliza.

“Hawajui.”

“Mtawaambia lini?”

“Bibi,” Nsajigwa alisema kutoka mlangoni, “wengine hawatataka kuambiwa.”

“Umewauliza?”

“Mmoja wao ni mimi.”

Bibi alimgeukia. Alimtazama kwa muda mrefu, na Tusekile alidhani atamkemea. “Pole, baba,” alisema. “Pole sana. Basi umejiuliza mwenyewe, na hiyo ni haki yako. Wale wengine kumi na wanane, ni haki ya nani?”

Nsajigwa aliiacha fremu ya mlango. Aliingia ndani, akavuta kiti kilichotoka chumba cha majaribio, chenye mguu mmoja mbovu, akakikalia kwa uangalifu. Viganja vyake viliyabana magoti.

“Mama yumo?” alimuuliza Tusekile.

“Yumo.”

“Mara ngapi?”

“Zote saba.”

Aliitikia kwa kichwa, kama mtu anayeambiwa bei aliyokwisha kuijua. “Niambie la mwisho.”

Tusekile alikunjua karatasi, ingawa hakuihitaji. “Karani aliuliza: taja chakula usichokipenda, useme na kwa nini. Alisema hivi: ‘Maharage ya mwanangu Nsajigwa. Anayabandika, anakwenda kuongea na simu, yanaungua, halafu ananiambia mjini ndivyo yanavyoliwa. Msimwambie nimesema.’”

Nsajigwa alicheka. Kicheko kilimtoka kwa nguvu, kikakatika, na uso ukabaki umekaa vilevile bila sauti, machozi yakishuka mpaka kwenye kola ya shati. Bibi Subilaga alisogeza kiti chake karibu, akamwekea mkono mgongoni. Walikaa hivyo mpaka saa ya Karani ikaisha na laini zikafunguliwa, na kwenye ukumbi watu wakaanza kusikika wakisalimiana na wakazi wao.

“Bado nayaunguza,” Nsajigwa alisema hatimaye.

Aliomba fomu. Si ile ndogo. Ile ya hitilafu kubwa, yenye kurasa sita na nakala ya Baraza. Aliijaza kwa mkono wake mwenyewe, akimuuliza Tusekile kila penye ufundi. Walipofika palipoandikwa *hitilafu iliripotiwa kwanza lini, na kwa nani*, kalamu ilisimama. Tusekile alitaja tarehe ya miezi kumi na minne nyuma, kisha akataja jina lake, herufi kwa herufi, na akangoja mpaka limeandikwa lote.

Ukurasa wa tatu ulikuwa wa majina ya walioathirika. Nsajigwa hakufuata orodha. Aliandika kwanza jina la mama yake, na kwenye safu ya mwisho, ambamo tangu Januari wamekuwa wakiandika *hakujibu*, akaandika *alijibu*, akashuka mstari wa pili.